Pistole ya Kidogo

Gracien alizitandaza zote mbili kitandani, juu ya taulo la rangi ya waridi, kisha akashusha pazia ingawa ilikuwa saa tatu asubuhi na nusu ya mtaa wa Musonoi ilikuwa tayari kwenye mashimo ya madini. Badibanga alibaki amesimama. Hakuna aliyemwambia aketi, na kiti pekee cha chumba kile kilikuwa kimebeba betri ya pikipiki.

"Angalia muzuri, tata," alisema Gracien. "Hizi ni za wakati ya Babeleji. Leo habafanye tena kintu sawa hii."

Ya kwanza ilikuwa ndogo, nyeusi na bapa, ya kuingia mfukoni bila kutuna. Herufi za kiwanda zilikuwa zimefutika kwenye mpini kwa kushikwashikwa. Ya pili ilikuwa bastola ya gurudumu la risasi, ndefu, nzito, yenye mpini wa mti uliopasuka na kufungwa kwa waya wa shaba. Waya wa shaba ndiyo dawa ya kila kilichovunjika katika mji huu, kuanzia miguu ya vitanda hadi mishikio ya mikokoteni, na Badibanga alipouona alijisikia yuko nyumbani kidogo.

"Ya kidogo ni ngapi?"

"Mia mbili ya dola. Hiyo ni bei ya mwisho, na ni juu ni weye."

"Na masasi yake?"

"Masasi ni mambo ingine. Kuyapata ni kazi."

"Donc iko tupu."

"Iko tupu, mais iko nzima."

"Na ile mukubwa?"

"Mia moja na makumi mbili, pamoja na masasi tatu." Gracien alilizungusha gurudumu, likakwama. Akaligonga kwa kiganja, likazunguka, akatabasamu kama muuza saa. "Usiniulize kama inapiga. Mi siko polisi, sikujaribia."

Basi kwa dola mia mbili zilizokuwa mfukoni mwa Badibanga, mtu angeweza kupata bastola isiyo na risasi, au risasi zisizo na bastola ya kuaminika. Hizo ndizo zilizobaki kwenye malipo yake ya mwisho kule mgodini Fungurume, alikokuwa akiendesha lori la maji mpaka mkataba ulipokwisha. Aliinua moja, akaiweka, akainua nyingine.

Hakuwa mtu wa ugomvi. Tangu azaliwe hajapigana hata na shemeji yake, ingawa sababu zilikuwepo. Lakini majuma machache nyuma wezi watatu walivunja mlango wake, wakachukua televisheni, mifuko ya unga ya mkewe na vitenge vyake vizuri. Hayo yote aliyameza. Alichoshindwa kumeza ni kofi. Mmoja wao, kijana mdogo tu, alimzaba kofi mbele ya mkewe na bintiye Abigaël, naye Badibanga akasema, "Pardon." Alimwomba mwizi msamaha ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na avenue nzima, mtaa wote, ilikuwa imelala, au ilijifanya imelala. Tangu siku ile hakuna jirani aliyemsalimia kwa kumtazama, naye pia hakuwatazama.

"Mi ningekamata ile mukubwa," alisema Gracien. "Muivi akiiona tu, anakimbia. Ile ya kidogo, anaweza kufikiri ni ya mutoto ya kuchezea."

Maneno hayo yalikuwa na akili. Ila Badibanga alikuwa na sababu ambayo asingeweza kuitaja: ile ndogo ingeweza kufichwa asiione Wivine, mkewe, na ile kubwa isingefichika hata chini ya godoro. Alimwogopa Wivine kuliko alivyowaogopa wezi, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa akili yake ya mwisho iliyobaki.

"Niachie niwaze. Nitakuita kwa telefone."

"Sawa, mais kwa telefone usiseme bunduki. Banasema ukikamatwa na silaha bila karatasi, ni ku baaskari wa jeshi banakuhukumu. Weye sema pistole tu. Bibi yako si anapikaka mikate? Ongea sawa mutu ya mikate. Hata bakikusikiliza, batafikiri unauzisha."

Wakacheka wote wawili, maana kweli mpango ulikuwa rahisi. Mji mzima wa Kolwezi, ukisema pistole, mtu anaona mkate: ule mdogo wa mviringo, wenye mfuo katikati, unaouzwa asubuhi kwenye beseni chini ya kitambaa cheupe. Wivine aliupika huo kila siku. Nyumba ya Badibanga ilikuwa imesikia neno pistole mara nyingi kuliko ilivyosikia neno amina, na hiyo ni nyumba ya watu wa kanisa.

*

Alipiga simu siku ya Alhamisi, nyuma ya nyumba, karibu na choo, akiwa amegeuzia mgongo dirisha la jikoni. Upande wa ndani wa dirisha hilo Wivine alikuwa ameinamia beseni, amezamisha mikono mpaka viwiko kwenye unga kidogo aliokuwa amefanikiwa kununua baada ya wizi. Alisikia sauti ya mumewe, akaacha kukanda.

"Tunabakia na pistole ya kidogo," Badibanga alikuwa akisema. "Ya mukubwa wacha... Ndiyo, mia mbili ya dola, kama vile tulipatana... Samedi asubui, mapema... Hapana, bibi yangu hatasumbuka. Iko tayari? Bon. Tunamaliza."

Wivine alitulia, unga ukimdondoka vidoleni. Dola mia mbili za pistole! Oda ya namna hiyo huwa inatoka kantini za kampuni kubwa, na huwa inakwenda kwa watu wenye mashine na magari, haiji kwa mama anayepika kwa tanuri la udongo. Kumbe siku zote hizi mumewe alipokuwa akitoka asubuhi bila kusema aendako, alikuwa akiitafuta. Na alitaka kumshangaza. Wivine alipiga magoti palepale sakafuni, mbele ya beseni, akamshukuru Mungu kwa sauti ya chini ili Badibanga asisikie.

Kisha akajifuta mikono, akavuka barabara kwenda kwa jirani yake, Mama Fifi, muuza makaa.

"Mama Fifi, Mungu anafungua mulango."

"Mulango gani tena?"

"Tata Abi anapata commande. Pistole ya kidogo, ya dola mia mbili, samedi asubui. Ananificha, anataka kunifurahisha."

"Unamuuliza vizuri?"

"Ayi, hapana! Nikimuuliza nitaharibisha. Tangu babandi bale bakuye, bwana yangu hanaongea. Anakula, anatoka, anarudi, sawa mugeni. Leo nasikia sauti yake kwa telefone, iko na nguvu. Niende kumuuliza nini? Mi nitamuonyesha tu kama bintu biko tayari."

Mama Fifi alimtazama, akatazama chini, akakwangua udongo kwa ncha ya kandambili.

"Unga uko nao?"

"Bale baivi balibeba yote. Njo maana nakuya."

"Makala nitaleta miye," Mama Fifi alisema upesi, akionyesha magunia yake ya makaa kabla hajaombwa. "Yote yenye iko hapa."

Wakaenda pamoja kwa Mama Kanku, kiongozi wa akina mama wa kanisa lao. Mama Kanku alikuwa mjane mwenye sauti ya jenerali, na mfuko wa unga aliokuwa nao ulikuwa wa kula mwezi mzima. Aliubeba mwenyewe kichwani. Akamtuma huyu alete hamira, yule sukari, mwingine siagi ya kopo, na hakuna aliyekataa, kwa sababu kukataa mbele ya Mama Kanku ni kazi ngumu kuliko kutoa. Walikubaliana wapike uani kwa Mama Fifi na kwa wengine wenye matanuri, na Badibanga akiuliza, ajibiwe kwamba akina mama wanaandaa shukrani ya Jumapili.

Badibanga hakuuliza. Ijumaa nzima aliona akina mama wakipita na mabeseni, akasikia nyimbo kutoka ng'ambo ya barabara, na akafurahi kwamba mkewe ana shughuli. Mwenyewe alikuwa na lake la kuficha, hivyo hakuwa na hamu ya maswali.

*

Jumamosi aliamka na wazo moja: kuondoka kabla Wivine hajamwuliza aendako. Alivaa shati safi, akatia dola zake mfukoni zikiwa ndani ya bahasha, akafungua mlango wa nyuma.

Ua ulikuwa umejaa. Mabeseni yalipangwa kutoka tanurini mpaka ukutani, kila moja na kitambaa chake cheupe, na harufu ya mkate wa moto ilikuwa nzito kiasi cha kumfanya mtu alie. Akina mama walikuwa wamesimama nyuma ya mabeseni yao, unga kwenye nyusi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Walipomwona wakapiga vigelegele.

"Tata Badibanga, Mungu akubariki!" Mama Kanku alimshika mikono yote miwili, akaitikisa. "Mwanaume anayefikiri nyumba yake!"

"Ni... ni nini hii?"

Wivine akajitokeza mbele. Alikuwa amefunga kitenge alichoazimwa, maana vyake vilikuwa vimekwenda na wezi, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa jasho na furaha.

"Usikasirike, Tata Abi. Nilikusikia kwa dirisha. Pistole ya kidogo, mia mbili ya dola, samedi asubui. Biko tayari byote. Mwenye kununua akuye tu."

Badibanga alifungua mdomo, hakikutoka kitu.

"Furaha inamukamata ku shingo!" Mama Fifi akasema, na wote wakacheka.

Alisimama pale akiwa ameshika mlango. Angesema ukweli, kabla ya saa sita Musonoi yote ingejua kwamba Badibanga alikuwa akinunua bunduki. Hilo lilikuwa baya. Lakini baya zaidi lilikuwa limesimama mbele yake kwa kitenge cha kuazima. Wivine angekuwa mwanamke aliyechukua unga wa mjane na makaa ya jirani kwa ajili ya oda isiyokuwepo. Akina mama wasingemtukana. Wangenyamaza, wangekusanya mabeseni yao, na kuanzia siku hiyo wangemsalimia bila kumtazama. Badibanga alijua salamu ya namna hiyo inavyouma, maana ndiyo iliyomfukuza yeye mpaka chumbani kwa Gracien.

"Bon," alisema mwishowe. "Niende kumuita."

*

Badibanga hakuwa na mnunuzi wa kumwita, ila Gracien aliyekuwa akimsubiri. Gracien alikuwa amekwishaikunja ile ndogo ndani ya soksi. Alizipokea dola, akaenda nazo mlangoni kwenye mwanga, akazigeuza moja moja.

"Hii inapasuka."

"Wapi?"

"Hapa pembeni. Angalia."

Ulikuwa mpasuko wa urefu wa mguu wa sisimizi. Lakini Kolwezi dola iliyopasuka si dola, ni picha ya mzee wa Kizungu tu, na benki yenyewe inaikataa. Badibanga alilijua hilo vizuri, kwani mwenyewe amewahi kumkatalia mtu.

"Ni noti ya mia," akasema Gracien kwa masikitiko ya biashara. "Donc uko na mia tu. Na mia haitoshe ya kidogo. Mais sababu ni weye, kamata ile mukubwa kwa ile mia, na hii yenye kupasuka niachie, nitaangalia."

Sasa zilikuwa tena mbili juu ya taulo. Badibanga alizishika zote, moja kila mkono, kama mtu anayepima nyanya sokoni. Ile kubwa ilimvuta bega. Ile ndogo ilikuwa baridi. Alijaribu kujiona akiwa amesimama mlangoni mwake, kijana wa kofi mbele yake, na kitu hiki mkononi. Mara zote alipojaribu, kijana yule naye alikuwa na ya kwake, na ya kwake ilikuwa na risasi, na nyuma ya Badibanga alikuwa amesimama Abigaël na gauni lake la kulalia. Hofu ikampanda, hofu ya kweli, na safari hii hakuiona kuwa aibu.

"Zote mbili wacha," alisema, akaziweka chini.

"Unaogopa?"

"Ndiyo. Naogopa."

Gracien alikuwa tayari kwa uongo wa kila aina, lakini si kwa ukweli huo. Alimrudishia noti zake, hata ile iliyopasuka, akavuta hewa puani.

"Unanukia mikate, tata. Tangu unaingia. Na mi sijakula tangu jana."

"Uko na essence mu moto yako?" Badibanga akauliza, akiitazama pikipiki nje ya mlango.

"Iko. Juu ya nini?"

"Kuko pistole kwetu," alisema Badibanga. "Mingi. Kuya unisaidie kubeba."

*

Aliwaambia akina mama kwamba mwenye kununua ametuma pikipiki. Haukuwa uongo mkubwa, pikipiki ilikuwepo. Walifunga mabeseni kwa kamba za mpira nyuma na mbele, Badibanga akakaa katikati akikumbatia mengine, na Gracien, dalali wa bunduki, akaendesha polepole kuliko alivyowahi kuendesha, kwa sababu Mama Kanku alikuwa amemwonya kwa kidole.

Walipofika barabarani alikokuwa akipanga kusimama, Badibanga alishuka, akafunua kitambaa, na sauti ikakataa kutoka. Alikuwa amezoea kofia ya kazi na fulana inayong'aa. Lori lake la maji lilikuwa likipigiwa saluti na walinzi wa geti. Sasa alikuwa mwanamume mzima kando ya barabara na beseni, mahali pa watoto na akina mama, na wachimbaji wawili waliokuwa wakipita walimtazama, wakatazamana.

"Pistole!" Gracien akapaza sauti bila haya, tayari akitafuna. "Pistole ya moto! Ya kidogo, tamu!"

Badibanga akajaribu. Mara ya kwanza ilitoka kama kikohozi. Mara ya pili ikatoka vizuri. Neno lile alilolisema kwa siri Alhamisi nyuma ya choo, akiangalia kushoto na kulia, sasa alikuwa akilipigia kelele katikati ya Musonoi, na kadiri alivyolipiga ndivyo kifua chake kilivyokuwa chepesi. "Pistole! Pistole!" Madereva wa malori ya madini, waliokuwa kwenye foleni isiyosogea, walinyoosha mikono madirishani. Wachimbaji waliotoka zamu, nyuso zao zikiwa na vumbi la kijani la shaba, walinunua kwa viganja viwili. Mmoja alikula tatu akiwa amesimama, akasema, "Aksanti, papa," kwa mdomo uliojaa.

Kwenye mzunguko wa barabara askari wawili wakawasimamisha.

"Nani anauzisha pistole hapa?" mmoja akauliza, akiwa amekunja uso.

Gracien akainamia tairi la mbele kana kwamba lina pancha.

"Ni miye, chef," alisema Badibanga, akafunua beseni.

Askari alimtazama, akatazama beseni, akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. Alichukua nne, mwenzake akachukua nne, na hawakulipa, na Badibanga hajawahi kutoa kitu kwa moyo mweupe kama alivyotoa mikate ile. Kama mambo yangekwenda alivyopanga, saa hiyohiyo angekuwa anapita palepale na soksi kiunoni. Alilifikiria hilo barabara nzima ya kwenda kwenye maegesho ya malori, na kila alipolifikiria alimshukuru Mungu, kisha unga, kisha dirisha la jikoni.

Jua lilipoanza kuelekea chini mabeseni yalikuwa matupu, ila moja. Hilo wakaligawa nusu kwenye wodi ya wazazi, nusu kwa Gracien. Fedha zilizopatikana hazikufika mia mbili, ng'o, kwa sababu mikate mingine iliuzwa kwa bei ya huruma na mingine ikaliwa na askari na dalali. Badibanga alitoa zile zake zisizopasuka, akajazia, akachanganya zote pamoja.

*

Akina mama walikuwa bado uani wakimsubiri. Wivine aligawa, na kila mmoja alipata cha unga wake na cha jasho lake. Mama Kanku aliombea fedha kwa sauti iliyosikika mpaka avenue ya pili. Mmoja mmoja wakaondoka, akabaki Mama Fifi, akizungusha noti zake mkononi.

"Tata Badibanga, niko na neno."

"Sema, mama."

"Ile siku babandi bakuye... tulisikia." Hakumtazama. "Tulisikia yote. Mutoto analia, na lile kofi. Bwana yangu alikuwa nyuma ya mulango na nyundo mu mukono, anatetemeka, na mi nikamushika shati, nikamuambia usitoke. Tukazima mwanga. Tangu ile siku, nikikuona nageuka, sababu haya. Si kwamba tunakucheka. Njo maana nilileta makala yote."

Badibanga aliketi kwenye ukingo wa tanuri lililopoa. Siku zote hizo alikuwa akidhani wanamdharau. Kumbe barabara nzima ilikuwa imejaa watu wanaoona haya, kila mmoja nyuma ya mlango wake, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

"Hata miye nilitetemeka, mama," alisema. "Nilimuambia muivi pardon."

"Najua. Tulisikia."

Mama Fifi akacheka kidogo, Badibanga naye akacheka, na kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu siku ile kikalegea. Walikubaliana jambo jepesi kabisa, mpaka mtu anajiuliza kwa nini hawakulifanya zamani: atakayesikia kitu apige sufuria, na kila nyumba inayosikia sufuria ipige ya kwake. Mama Fifi alisema atapita nyumba kwa nyumba mwenyewe.

Alipoondoka, Wivine alikuja na bakuli la maji, akamnawisha mumewe mikono.

"Sasa niambie, Tata Abi. Mwenye kununua ni nani? Mi nataka kumutumia aksanti."

Angeweza kutaja kantini yoyote. Jina moja tu, na siku ingekwisha vizuri. Lakini Wivine alikuwa ameshika mikono yake ndani ya maji, na alikuwa amechoka, na alikuwa na furaha, na Badibanga aliona hawezi kulala juu ya furaha ile akijua imesimama wapi.

"Hakuna mwenye kununua," alisema. "Pistole yenye nilikuwa nasema kwa telefone, haikuwa mukate."

Akamweleza yote: chumba, taulo, ile ndogo, ile kubwa, noti iliyopasuka. Wivine alisikiliza bila kupepesa. Aliachia mikono yake polepole.

"Ulikuwa unataka kuingiza kile kintu mu nyumba yenye mutoto analala."

"Ndiyo."

"Na mi nikapiga magoti, nikamushukuru Mungu juu yake."

"Wivine..."

Wivine akamgeuzia mgongo. Aliinua beseni, akalisugua, akasugua la pili, akayasugua yote, hata yaliyokuwa yamekwisha kusuguliwa. Alikwenda kulala chumbani kwa Abigaël. Asubuhi alivaa, akamfunga binti yake nywele, akaenda kanisani, na mumewe alifuata nyuma hatua chache, kama mtu asiyejua kama amealikwa.

*

Mchungaji aliwaita wenye shukrani. Akina mama wakasimama kwa mpigo, wakaenda mbele wakicheza, vitambaa vikipepea, na Mama Kanku alipopita kwenye benchi la wanaume alimnyanyua Badibanga kwa mkono kama anavyonyanyua mfuko wa unga. Kabla hajaelewa, alikuwa madhabahuni, na kipaza sauti kilikuwa chini ya pua yake.

Wivine alikuwa kwenye mstari wa kwaya. Alikuwa akitazama viatu vyake. Badibanga alijua kwamba watu mia kadhaa walikuwa wakimsikiliza, lakini mtu aliyetaka amsikie ni mmoja tu, na mtu huyo hakuwa amesema naye neno tangu jana jioni.

"Bandugu," alianza. "Mi sijue kuhubiri. Hii juma nilikuwa naenda mahali pabaya. Sikumuambia mutu. Bibi yangu akanisikia vibaya. Akasikia kintu kizuri, na mi nilikuwa nasema kintu kibaya. Akaamka, akaita bamama, bakafanya kile kizuri chenye alisikia. Nikakikuta kinanisubiri ku mulango." Akakishika kipaza sauti. "Kama angenisikia vizuri, leo singekuwa hapa. Donc namushukuru Mungu juu ya masikio ya bibi yangu. Na namushukuru Mungu juu ya pistole."

Kanisa likalipuka kwa kicheko, kwa sababu nusu yao walikuwa wameila.

"Ya kidogo!" akapaza sauti Mama Fifi.

"Ya kidogo, ndiyo," alisema Badibanga, akigeukia kwaya. "Ile ya Wivine."

Wivine alikaza midomo. Ilimshinda. Alicheka kabla hajakubali kucheka, akafuta macho kwa ncha ya kitenge cha kuazima, kisha akatoka kwenye mstari wa kwaya na kuja kusimama kando ya mumewe mbele ya watu wote. Alimwinamia sikioni kumwambia neno la siri, lakini kipaza sauti kilikuwa katikati yao, kikalichukua neno lile na kulipeleka mpaka mlangoni.

"Kesho utaamuka mapema, tata. Utaenda tena kuuzisha."

Na kanisa zima likajibu amina.